Mioyo ya Alhamisi

“Ziwa au ghala?” Obadia Mahenge aliuliza, huku akigeuza maua ya pareto kichanjani kwa viganja vyake vipana.

“Sema kwanza umebeba nini,” Ezelina akajibu kutoka kichanja cha pili.

“Mapigo ya moyo. Watu laki nane, yanaingia kila sekunde, mabichi, hayajachambuliwa.”

“Ziwa. Yaache yaingie yalivyo. Ukishayachuja na kuyapanga, ndipo uyapeleke ghalani.”

“Na daktari ambaye mgonjwa wake anazimika sasa hivi?”

“Huyo hangoji ziwa wala ghala. Unamchimbia mfereji wake huko huko mtoni. Data ikipita tu, anaiona.”

“Na mfereji ukiziba?”

Ezelina alisita kidogo. “Unakuwa umeshachimba wa pili.”

“Hewaa, shemeji! Ungekosa hilo ningekunyima chai.”

Nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, ile ya milima ya Kipengere inayogandisha umande kwenye majani ya viazi. Ndani ya banda la pareto, mtu angeweza kuvua sweta. Joto lilitoka kwenye matundu ya ukutani, na nyuma ya ukuta huo ulikuwa Ukumbi wa Wingu wa Igangilo, mashine zilizopangwa safu kwa safu, zikitunza kumbukumbu za nusu ya nyanda za juu. Mashine zilipumua joto mchana kutwa, na wana Igangilo, ambao hawana desturi ya kutupa kitu, walilipitisha kwenye mabomba. Kwanza lilikausha pareto, kisha likaenda shuleni, kisha wodi ya wazazi. Watoto waliozaliwa tangu ukumbi ujengwe hawakujua kuzaliwa ni jambo la kutetemeka.

Lakini sheria mpya ilikuwa imetoka. Kila ukumbi ulitakiwa uwe na msanifu wake, mtu aliyefaulu mtihani wa Usanifu wa Juu wa Jukwaa la Data. Usio naye ungefungwa, na mashine zake zingepelekwa pwani. Msanifu wa zamani wa Igangilo alikuwa amestaafu na kuhamia kwa wanawe. Ndipo ushirika wa kijiji ukawateua watu wawili wajaribu. Mmoja alikuwa Ezelina Tweve, mtunza jukwaa, ambaye alijua kila kumbukumbu imelala wapi kama mama anavyojua nguo za wanawe. Wa pili alikuwa Obadia, fundi wa mafeni na nyaya, rafiki wa Festo, mume wake. Obadia na Festo walisimama bega kwa bega kwenye safu ya besi katika kwaya ya kanisa, na kwa ajili hiyo yeye na Ezelina waliitana shemeji.

Mtihani huo ulikuwa na sifa ya kuwaliza watu wazima. Hata hivyo, Ezelina hakukumbuka msimu aliofurahi kama ule. Walisoma wakigeuza pareto, walisoma wakimenya viazi, na Sikitu, mke wa Obadia, alikuwa ameanza kusema “mfereji umeziba” kila sinki lake lilipojaa.

“Swali la maadili,” Obadia akasema. “Mwenye pete ameandika ‘usiniambie’. Mfumo umeona hatari. Msanifu afanye nini?”

Kila mtu mzima alivaa pete ya afya, na siku ya kuvishwa aliulizwa swali moja: mashine ikiona ugonjwa wako kabla hujauhisi, uambiwe au usiambiwe?

“Asifanye kitu,” Ezelina akajibu. “Msanifu hujenga njia. Hamtazami mpita njia.”

“Umepata. Akimtambua mtu na kusema?”

“Anafutwa kwenye orodha ya watahiniwa.”

Obadia aliinua mkono wake wa kushoto, akaitazama pete yake nyeusi. “Mimi niliandika usiniambie. Sikitu alinuna wiki nzima. Lakini kaka yangu waliwahi kumwambia. Alikuwa mtu wa utani, shemeji, utani mpaka msibani. Walipomwambia ana muda gani, aliacha kulima, aliacha kucheka, akakaa kwenye kiti anaungoja huo muda. Wakati ulipofika tulimzika, lakini mimi naona tulikuwa tumeshamzika siku ile aliyoambiwa.” Akakung’uta mikono. “Haya, zamu yako. Niulize.”

*

Baraza la Wasanifu lilikuwa limewatumia watahiniwa wote wa nchi uwanja wa mazoezi. Ulikuwa rundo kubwa la data ya kweli, mapigo ya miaka mitatu kutoka kumbi mbalimbali, majina yamefutwa, umri umefutwa, vijiji vimefutwa. Kazi ilikuwa kujenga jukwaa litakalomwona mtu ambaye moyo wake unasimama, na kumpigia kelele daktari kabla mtu huyo hajafika sakafuni.

Asubuhi moja Ezelina alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta na kikombe cha uji, akilijaribu jukwaa lake. Lilikwenda vizuri. Alilitaka liipange mioyo kwa kufanana, na ikajipanga kiooni kama mbegu kwenye matuta. Hapo alikuta kikundi kidogo cha ajabu. Wiki nzima mioyo ile ilipiga kila mmoja kivyake, lakini Alhamisi, saa tisa alasiri, yote ilianza kupanda pamoja na kushuka pamoja, kama maji ndani ya ndoo inayobebwa kichwani.

Alifikiri amekosea mahali. Akakagua tena. Kisha akaangua kicheko peke yake.

“Kwaya!” akasema.

Watu wanaovuta pumzi pamoja, mioyo yao hufuatana. Aliwahi kulisoma jambo hilo, ila hakuwahi kuliona. Akatazama mwinuko, maana pete hupima hewa na kujua mtu yuko juu kiasi gani cha mlima. Mwinuko ulikuwa wa kanisa la Igangilo. Hakuna kanisa lingine lililojengwa juu kiasi kile na lenye mazoezi Alhamisi saa tisa. Tabasamu likamtoka usoni polepole. Ina maana kati ya mistari ile, mmoja ulikuwa wa Festo.

Angepaswa kukifunga kioo. Alijua. Lakini jicho likishaona halirudi nyuma kirahisi, na lake lilikuwa limekwama kwenye mstari mmoja uliokuwa na kasoro. Moyo ule ulipiga, ukapiga, kisha ukanyamaza. Si kwa muda mrefu. Ulikuwa kama mtu anayesita mlangoni, akikumbuka alichosahau, kisha anaingia. Mwaka wa kwanza kusita huko kulikuwa kwa nadra na kufupi. Mwaka wa pili kukazidi. Miezi ya mwisho moyo ulisita karibu kila siku, na safari nyingine ulikawia hadi Ezelina naye akajikuta amebana pumzi.

Pembeni mwa mstari palikuwa na alama ndogo: usiniambie.

Mwenye moyo huo alipanda kila asubuhi kutoka kijijini hadi kwenye mwinuko wa ukumbi. Na miezi hiyo ya mwisho ni watu wawili tu waliofanya kazi ukumbini. Mmoja wao hakuwa mwimbaji, naye ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya kioo, uji wake ukipoa.

Kupitia ukutani alimsikia Obadia akizungusha feni na kuimba besi, sauti nzito ya kutikisa madirisha. Ezelina akazima kioo, akakaa akiitazama mikono yake.

*

Alasiri alimkuta Festo shambani, anapalilia viazi. Akachukua jembe, akaingia tuta la jirani, wakaenda sambamba kwa muda.

“Festo,” akasema, “ukimwona mtu anaelekea kwenye daraja bovu, naye alishakuambia hataki kuambiwa habari za njia, ungefanyaje?”

Festo hakuuliza mtu gani wala daraja gani. Alikuwa mume wa miaka mingi, na alijua sauti ya mke wake anapouliza jambo lisilo na jina. Alipalilia mashina mawili matatu.

“Anajua kuwa kuna mto?”

“Anajua mito ipo. Hataki kujua uko wapi.”

“Na wewe ukimwambia?”

“Nitakuwa nimemvunjia neno lake. Nami sitaufanya mtihani. Na pengine ukumbi utakwenda.”

Festo aliegemea mpini wa jembe. Mbali bondeni, watoto wa shule walikuwa wakitoka mapumziko, na sauti zao zilipanda na ukungu.

“Mimi si mtu wa mitihani,” akasema. “Ila nadhani ningetembea naye. Nisingekubali afike darajani peke yake.”

*

Kesho yake asubuhi Ezelina alimngoja Obadia chini ya mlima, mahali njia inapoanza kupanda kati ya misonobari. Usiku kucha alikuwa ameunda mpango, na mpango wenyewe ulikuwa safi kabisa. Angetembea naye, angemwona akihema, angesema, “Shemeji, kapime moyo.” Nani angemlaumu? Ameona kwa macho. Baraza lisingekuwa na neno, mtihani ungefanyika, na Obadia angetibiwa. Kila aliporudia mpango huo kichwani uliteleza vizuri, isipokuwa mahali pamoja palipokwaruza, napo palikuwa pale pa kumdanganya rafiki.

“Leo umenisindikiza!” Obadia alisema. “Unaogopa nitakuzidi maswali?”

Wakapanda. Aliongea, akatania, akauliza habari za kugawa jedwali kubwa vipande. Katikati ya mlima, pale kwenye jiwe bapa, alikaa. Uso wake ulikuwa umepauka.

“Shemeji,” Ezelina akaanza, na sauti yake mwenyewe ikasikika ngeni masikioni mwake, “naona unahema sana. Ungekwenda hospitali wakakupima.”

“Ni mlima tu.”

“Mlima ni ule ule wa mwaka jana.”

Obadia alimtazama. Macho yake yakalainika, na akafanya jambo ambalo Ezelina hakulitegemea. Alitabasamu.

“Umeniona kwenye jedwali,” akasema.

Ezelina akafungua kinywa, lakini uongo ukakataa kutoka. “Nimekuona.”

“Ni ile kwaya, siyo? Mimi pia ndiyo iliyonikamata.”

“Wewe pia?”

“Uwanja wa mazoezi tumepewa wote wawili, shemeji. Nilijenga jukwaa langu, nikakuta Alhamisi ile, nikacheka kama mwehu. Nikajitafuta, najionea fahari, eti yuko wapi mwanaume wa besi.” Akafuta jasho. “Nikajipata. Nilichomkataza daktari asiniambie, nimejiambia mwenyewe kwa mikono yangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu tulipokausha pareto ya kwanza.”

Ezelina alihisi hasira ikimpanda, hasira ya mtu aliyelia bure na bado machozi yapo. “Na ukanyamaza? Unapanda mlima huu kila siku na ukanyamaza?”

“Nikienda hospitali wataniuliza nimejuaje. Nikisema, Baraza litaufunga uwanja, mtihani utavunjika. Mwisho wa sheria unafika, tunapoteza ukumbi. Wodi ya wazazi itapoa. Nikasema, moyo wangu umengoja miaka mitatu, utangoja mpaka mtihani.” Akapiga kifua chake taratibu, kama mtu anayembembeleza mbuzi. “Na nikuambie ukweli? Sikuwa kama kaka yangu. Nilidhani nikijua nitakaa kwenye kiti. Sikukaa. Nimesoma kuliko nilivyowahi kusoma.”

Ezelina alikaa kando yake juu ya jiwe. Ukungu ulipita, ukawalowesha nyusi. Wazo likamjia, tena halikuwa la huruma, lilikuwa la kazi.

“Shemeji, watahiniwa ni wangapi nchi nzima?”

“Mamia.”

“Na wote wanautazama moyo wako. Wanautazama wa Festo. Kama mimi na wewe tumeitambua kwaya yetu, kuna mtu Mbulu ameitambua timu yake ya mpira. Kuna mtu Tanga anajua jirani yake halali nyumbani. Wamefuta majina, wameacha saa na mwinuko. Hapo wamefuta nini?”

“Tungepaswa kuliona hilo siku ya kwanza,” Obadia akasema.

“Tungepaswa. Tulikuwa tunashangilia kupata.”

Alimsaidia kuinuka. Hawakuendelea kupanda. Waligeuka, wakashuka polepole, mkono wa Obadia begani mwa Ezelina, mpaka mlangoni kwa Sikitu. Sikitu aliwaona kwa mbali, akaweka chini beseni lake bila kuuliza. Mchana huo huo gari la ushirika lilimpeleka Obadia hospitali ya wilaya, na Ezelina akarudi ukumbini, akaliandikia Baraza kila kitu, pamoja na jina lake.

*

Baraza liliufunga uwanja siku iliyofuata. Mtihani ukaahirishwa, watahiniwa wakanung’unika nchi nzima, na kwa kuwa mtihani umesogea, serikali ikausogeza na mwisho wa sheria ya kumbi. Obadia aliwekewa kidude kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye kazi ya kuukumbusha moyo unaposahau. Aliporudi alikuwa amekonda, na alimwambia kila mtu kwamba sasa ana mpiga ngoma wake mwenyewe.

Kisha Bi. Kitundu akapanda kutoka Dodoma, mwanamke mrefu wa makamo, kavaa makoti mawili, msimamizi wa mitihani. Aliwakalisha kwenye chumba cha mikutano cha ukumbi na kuwahoji mmoja mmoja. Ezelina alimwonyesha jinsi mioyo ilivyojipanga, na jinsi alivyokwenda kutoka Alhamisi mpaka kanisani, kutoka kanisani mpaka mlimani, kutoka mlimani mpaka kwa mtu. Bi. Kitundu alifuata kwa kidole.

“Tungefanyaje?” akauliza.

“Mngetikisa saa,” Ezelina akasema. “Kila moyo muusogezee saa zake kivyake, huyu mbele siku mbili, yule nyuma tatu, na miinuko muichanganye. Kusita kwa moyo kutabaki vile vile, na hicho ndicho mtahiniwa anachohitaji. Ila kwaya haitaonekana tena, kwa sababu hakuna wawili watakaopumua wakati mmoja.”

Bi. Kitundu aliandika. Alipomaliza alivua miwani.

“Bwana Mahenge alijitambua mwenyewe. Hakuna sheria inayomkataza mtu kujitambua. Ataufanya mtihani. Wewe ulimtambua mwingine, ukamwambia.”

“Ndiyo, mama.”

“Ungeweza kuja kwetu kwanza.”

“Ningeweza. Niliogopa barua ingechelewa kuliko moyo.”

“Na kama angekuwa hajui? Angekuwa amekaa kwenye jiwe lile, mtu aliyeomba asiambiwe, nawe ukamwambia?”

Swali hilo Ezelina alikuwa amejiuliza kila siku tangu asubuhi ile. “Ningekuwa nimemdhulumu,” akasema. “Na nadhani ningesema tu. Sijui kuviweka hivyo viwili kwenye jibu moja.”

Bi. Kitundu alimtazama, na usoni mwake palikuwa na kitu kilichofanana na heshima, lakini hukumu yake haikubadilika. “Hutaufanya mtihani wa msimu huu. Mwakani jina lako litarudi. Na hilo la kutikisa saa tutalichukua, kwa jina lako.”

Ezelina alitoka nje. Alitegemea kulia, akakuta hana kilio. Obadia alikuwa amekaa kwenye ngazi juani, kitabu mapajani.

“Umefutwa?”

“Msimu mmoja.”

“Basi nitakataa na mimi.”

“Ukikataa nitakupiga hapo hapo penye hicho kidude,” Ezelina akasema, akakaa. “Wodi ipoe kwa ajili ya kiburi chako? Fungua kitabu. Tuliishia mfereji wa pili.”

*

Obadia alifaulu. Hakufaulu kwa kishindo. Alipita kama mtu anayepita mlango mwembamba na gunia, akikwaruza huku na huku, lakini alipita, na Igangilo ikachinja ng’ombe. Kwenye sherehe alisimama kuzungumza, akasema nusu ya cheti ni ya shemeji yake, na Sikitu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba nusu nyingine ni ya hospitali, kwa hiyo yeye hana kitu, akae chini ale. Ezelina alicheka mpaka Festo akamshika mkono.

Kiangazi kilichofuata, Baraza lilituma uwanja mpya wa mazoezi. Ezelina aliufungua asubuhi, kioo kikiwa bado kina baridi. Kabla ya kujenga chochote, aliitaka mioyo ijipange kwa kufanana, akaenda moja kwa moja Alhamisi, saa tisa. Hakukuwa na kitu. Mioyo maelfu kwa maelfu, kila mmoja unapanda na kushuka peke yake. Akajaribu Jumapili. Akajaribu mwinuko wa kanisa, wa ukumbi, wa mlima. Mioyo inayosita ilikuwepo, mingi, na kila alipoikuta ilimgusa, lakini haikuwa na mlango wala jirani. Ingeweza kuwa ya mtu yeyote chini ya jua.

Mchana Obadia aliingia, funguo za msanifu zikilia kiunoni.

“Umenipata?” akauliza.

“Sijakupata.”

“Umetafuta vizuri?”

“Tangu asubuhi.”

“Hujui kutafuta. Nipishe,” akasema, akavuta kiti, akasogea karibu na kioo. Akatazama mstari huu, akatazama ule, akasema huyu ndiye, akasema hapana siye, akamlaumu Ezelina kwa kazi yake nzuri. Walikaa hivyo bega kwa bega, wakimtafuta Obadia mpaka saa ya kufunga ukumbi, na hawakumwona.